Mashine Nyepesi ya Madame Abigaël

Papa Floribert aliinyanyua kompyuta kwa mkono mmoja, akaipandisha, akaishusha, kama mtu anayemkadiria kuku kabla ya kumnunua. Kisha akacheka.

"Mama, hii njo nini? Mu ndani muko kintu, ao ni mupepo tu?"

Meza nzima ya komite ya wazazi ikaangua kicheko. Kompyuta ikaanza safari yake, mkono hadi mkono. Mmoja akaitikisa karibu na sikio. Mwingine akaigeuza juu chini, akasema inafanana na dekoda yake ya televisheni.

"Bon! Madame ametuletea dekoda. Sasa tutaangalia mupira mu masomo!"

Abigaël akatabasamu, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote mezani pale na kwa sababu alikuwa amekuja kuomba. Lakini chini ya meza vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania upindo wa kitenge chake kana kwamba vinataka kukichana.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya Katuba. Alisoma chuo kikuu, kule Kasapa, akarudi kufundisha katika mtaa uleule aliozaliwa, jambo lililofanya wenzake wa chuo wamwone mwendawazimu. Jumamosi aliongoza kilabu: wanafunzi waliokuja na redio zilizokufa, taa za kuchezea, nyaya walizookota, na kwenda nyumbani wakiwa wametengeneza kitu. Mwaka ule wazazi walichanga ili kilabu kipate kompyuta, na siku ile komite ilikaa kuchagua ipi. Abigaël alitaka jambo moja tu: mashine itakayobaki ikiwaka umeme ukikatika. Angeweka ndani yake masomo na mitihani ya Taifa ya miaka iliyopita, nayo ingeyarusha kwa waifai hadi kwenye simu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila mtoto yeyote kununua mega za intaneti. Basi. Hakuomba maabara. Hakuomba jengo.

Na mashine ile nyepesi hakuifikia kwa bahati. Aliifikia kwa kuunguza vitu.

Kwanza, alipokuwa bado mwanafunzi, alinunua kompyuta kubwa ya mezani, ile ya sanduku la kusimama. Akaifunga kwenye betri ya gari kupitia konvertisa, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Konvertisa ikawa ya moto kama pasi, feni ikanguruma kama kinu cha mahindi, na kabla hajamaliza sura moja ya kitabu, betri ikawa imekufa. Alipopima na mita yake akaona aibu. Sehemu kubwa ya umeme ule ilikuwa imeishia kupasha chumba joto.

Baadaye akapenda kitu cha upande wa pili kabisa: kompyuta nzima iliyojengwa juu ya kadi moja, ndogo kama pakiti ya sigara. Ilikula kidogo mno. Aliitumia kuangalia joto la vifaranga vya shangazi yake, akaitumia kupiga kengele ya shule, akaona amefika. Lakini kumbukumbu yake yote ilikaa kwenye kikadi kama ukucha, na kila umeme ulipokatika kikiwa kinaandika, kilioza. Umeme wa Katuba hauagi. Unaondoka katikati ya sentensi. Akapoteza kazi yake, akairudia, akaipoteza tena, na siku moja alikitupa kile kikadi ukutani na kulia kwa hasira.

Hapo ndipo alipobadilisha swali. Watu wote walikuwa wanauliza mashine ina nguvu kiasi gani. Yeye akaanza kuuliza inakula kiasi gani, na inakufa vipi.

Kwa swali hilo alikwenda mjini kwa Doudou, kijana aliyekuwa akiuza mashine zilizotolewa katika maofisi ya nchi za mbali. Duka lake lilikuwa mlango mmoja tu, na mashine zimepangwa hadi darini.

"Geuza hiyo, Doudou. Nataka kuona nyuma."

"Eh, Madame! Bantu bote banaangalia mbele, weye unaangalia nyuma?"

"Mbele inadanganya. Nyuma imeandikwa volti. Hii iko kumi na tisa, sitaki. Ile ingine?"

"Achana na ile, haina nguvu. Angalia hii, kubwa, iko na mataa ya rangi mu ndani. Ukiwasha, bajirani bote batakuja."

"Bajirani batakuja, betri yangu itaenda. Leta ile."

Ilikuwa ndogo, nyeusi, bila feni, ya zile zilizokaa miaka mingi nyuma ya madirisha ya benki bila mtu kuziona. Nyuma iliandikwa volti kumi na mbili, maana yake ingekunywa moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila konvertisa, na kifaa kidogo tu cha kutuliza volti katikati. Ndani ilikuwa na diski ya kweli, si kikadi. Akaifunga kwenye mita palepale kaunta. Wati nane. Akaifungulia kitabu, ikafika tisa. Akachomoa waya ghafla, akaurudisha. Akachomoa tena. Kila mara mashine iliamka kama hakuna kilichotokea.

Doudou akamtazama akitikisa kichwa. "Madame, weye unachagua mashine sawa mama mwenye kuchagulia binti yake bwana. Asikule sana, asifanye kelele, na ukimufukuza arudi."

Abigaël alicheka hadi akashika kaunta. Akailipia kwa mshahara wake mwenyewe, ili komite ione kwa macho kabla ya kununua nyingine kama hiyo.

Komite iliona. Ikacheka.

"Papa Prezida," alisema, mashine iliporudi mikononi mwake, "kompyuta moja kubwa inakula sawa na kumi na mbili za hii. Na mu mutaa yetu, courant inakuja wakati inataka. Hii itaishi na jua tu."

Papa Floribert, mwenyekiti wa komite, aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa fundi wa karakana katika kampuni ya shaba, na baba yake kabla yake alikuwa fundi wa reli. Katika nyumba aliyokulia kila kitu kilikuwa kizito: kitanda cha chuma, sufuria ya kuyeyushwa karakanani, jiliwa la kubania vyuma ambalo watu wawili walilibeba. Kampuni ilipokuwa na nguvu, ilitoa vitu vizito. Ilipoanguka, nyumba zilijaa plastiki. Kwa watu wa rika lake katika mji huu, wepesi haukuwa sifa. Ulikuwa dalili kwamba mtu anakupunja.

"Mutoto yangu," alisema kwa upole, "baba yako alikuwa rafiki yangu, siwezi kukudanganya. Bazazi balitoa franga. Siku ya remise batakaa mupaka kule nyuma, batauliza: iko wapi? Nitabaonyesha nini? Hii? Hata mbuzi anaweza kuimeza."

"Haiko ya kuonyesha, Papa. Iko ya kutumika."

"Kintu kya kutumika kinaonekana."

Mikono ikapanda. Abigaël akashindwa. Zikanunuliwa kompyuta sita za sanduku la kusimama, zenye skrini zake, kwa sababu sita zingejaza meza kutoka pembe hadi pembe.

Na siku ya remise, yaani ya makabidhiano, zilijaza kweli. Kulikuwa na hema, viti vya kukodi, muziki, akina mama katika vitenge vya sare, utepe wa kukatwa. Juu ya kila mashine kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kama juu ya televisheni ya sebuleni. Jenereta ya watu wa muziki iliunguruma nyuma ya choo, na kwa umeme wake skrini sita ziliwaka picha ya bahari ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Wazazi wakapiga makofi. Abigaël akapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani.

Akashukuru. Kwa maneno mazuri, kwa kuinama kidogo. Hilo ndilo lililomwunguza kuliko yote: kwamba alijua, na akashukuru.

Muziki ulipokwisha, jenereta ilipakiwa kwenye gari, ikaondoka. Kompyuta sita zikabebwa hadi ofisi ya mkuu wa shule, Mama Claudine, ambaye wote walimwita Prefe. Zikafunikwa vitambaa vyake. Mlango ukafungwa.

Abigaël alikwenda kuziomba.

"Kilabu kya Jumamosi kinazihitaji, Mama Prefe."

"Courant iko?"

"Hapana."

"Sasa unataka kuziwashisha na nini, na maombi? Ziache. Batoto bataziharibu, na komite watauliza nani? Miye. Zikiwa hapa, mugeni akikuja, ataona shule yetu iko na mashine."

"Lakini umeme ukirudi tunaweza—"

"Umeme ukirudi, utakuja utaniambia."

Umeme ulirudi, ukaondoka, ukarudi. Mlango haukufunguliwa. Siku umeme ulipokuwapo, Prefe hakuwapo. Siku Prefe alipokuwapo, umeme haukuwapo. Siku vyote viwili vilipokutana, ufunguo ulikuwa umesahauliwa nyumbani.

Basi Abigaël akafanya lake. Akaiweka mashine yake nyepesi kwenye dirisha la darasa la fizikia, akaifunga kwenye betri kuukuu ya pikipiki aliyopewa na binamu yake, na paneli ya jua akaifunga kwa waya juu ya bati. Asubuhi hiyohiyo watoto wakaanza kuikamata kwenye simu zao. Wasio na simu walisoma begani kwa mwenzao. Baada ya muda mfupi ukuta wa nje wa darasa ukawa na mstari wa vichwa vilivyoinama, na wengine walikuwa wa shule jirani, wamevaa sare zisizo za hapa.

Kisha mvua zikashika. Mawingu yalikaa juu ya mji mchana kutwa, paneli ikapata mwanga wa kubahatisha, na betri ile ya pikipiki, iliyokuwa imezeeka kabla hata haijafika kwake, ikaanza kukata roho. Mashine ikawa inawaka asubuhi na kuzimika kabla ya saa sita. Wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, walisimama ukutani wakiinua simu juu, wakizizungusha hewani, wakingoja. Mtihani ulikuwa unakaribia.

Siku moja ya namna hiyo Abigaël alisimama kando ya barabara kuu na kuyatazama malori yaliyokuwa yakielekea mpakani, moja nyuma ya jingine, yamefunikwa maturubai. Alijua vizuri yalichobeba. Kila simu duniani, kila gari lisilokunywa petroli, linaomba kitu kutoka katika udongo huu anaoukanyaga yeye kwa kandambili. Kobalti inaondoka hapa ili ikawe betri za watu ambao hawataitamka Katuba maishani mwao, na yeye, mwalimu wa fizikia mwenye shahada, hana betri ya kuwasomeshea watoto! Halafu mashine zinazowachosha wenyewe, zinazokula umeme kama moto ulavyo nyasi, wanazileta hapa kwa watu wasio na umeme, na watu hao wanazifunika vitambaa na kuzipigia makofi. Hakujua amkasirikie nani kwanza, mchukuaji au mpiga makofi. Alitaka kuokota jiwe. Hakuokota. Lakini alirudi shuleni akitembea kama mtu anayekwenda kupigana.

Akamkuta Papa Floribert uwanjani, amesimama karibu na mkokoteni, anajipangusa jasho. Juu ya mkokoteni kulikuwa na sanduku la chuma, kubwa kama kabati, limepakwa rangi ya kijani. Mbele lilikuwa na kibao: ZAWADI YA KOMITE YA WAZAZI.

"Madame! Nimesikia habari. Bantu banasema hata batoto ba shule ingine banakuja kusoma hapa. Ni muzuri sana. Sasa, ile kamashine yako, haiwezi kukaa kule dirishani sawa chungu ya maua. Nimeitengenezea nyumba. Nimechomelea miye mwenyewe."

"Papa..."

"Ngoja. Na komite itatoa betri mupya. Kubwa, ya lori. Tutafanya remise ingine, tutabaonyesha bazazi."

Abigaël alilitazama sanduku. Lilikuwa limechomelewa vizuri, pembe zake sawasawa, bawaba laini. Na lilikuwa kaburi.

"Nikiingiza mashine humo, itakufa."

"Itakufa namna gani? Hii ni chuma ya kweli!"

"Njo maana! Haina feni, Papa, inapumua kwa ngozi. Humo itapikwa. Na waifai haipiti mu chuma. Itakuwa inaongea peke yake mu ndani, na batoto hapa inje hawasikii kitu." Sauti yake ilikuwa imepanda, na watoto walikuwa wanageuka kutazama. "Kila kintu munataka kukifunga! Sita ziko mu ndani ya kufuli, sasa munataka kufunga na hii moja yenye inafanya kazi!"

Uso wa mzee ulibadilika. "Baba yako hakunisemeshaka hivi."

"Baba yangu angeliiona betri yangu, angelisema zaidi."

Mvua nyepesi ikaanza kudondoka juu ya rangi ya kijani. Abigaël angeweza kumwacha aondoke na mkokoteni wake. Alilitaka hilo kwa moyo wote, lingekuwa tamu. Lakini betri ingeondoka naye, na ukutani pale kulikuwa na msichana ameinua simu juu, anaizungusha, anangoja.

"Betri," alisema hatimaye, kwa meno yaliyobana. "Betri itakaa mu sanduku. Ni ya kuibiwa, na iko na asidi, inahitaji nyumba. Lakini utoboe matundu juu na chini, sababu inatoa gesi. Mashine itabaki dirishani."

Papa Floribert aliliangalia sanduku, akaangalia dirisha. Akapiga hesabu yake mwenyewe kichwani. "Na kibao?"

"Kibao kibaki."

"Na utatoa neno ya shukrani?"

"Nitatoa neno," alisema Abigaël.

Betri ikaletwa, matundu yakatobolewa, na mashine ikaanza kuwaka tangu asubuhi hadi watoto wa mwisho walipokwenda nyumbani, mvua au jua. Jumapili baada ya misa hema likasimamishwa tena. Safari hii bila jenereta, kwa sababu mvua ilikuwa imechelewesha watu wa muziki. Kipaza sauti kilifungwa kwenye betri ileile. Papa Floribert alikata utepe. Wazazi walilipigapiga sanduku mgongoni, wakaridhika. Kisha kipaza sauti kikafika kwa Abigaël.

"Komite, asante kwa betri," alisema. "Ni ya kweli, na batoto batasoma nayo mupaka siku ya mutihani. Asante, Papa Floribert, kwa mikono yako." Wakapiga makofi. Akangoja yaishe. "Sasa niko na swali. Zile mashine sita yenye mulilipa, ni mutoto gani mu hema hii alishazigusa?"

Vichwa vikageuka kuwatafuta watoto.

"Ni mutoto gani? Ainue mukono."

Papa Floribert akanyoosha mkono kutaka kipaza sauti. "Mama, inatosha."

"Bado, Papa." Hakukiachia. "Mara ya kwanza nilisimama hapa nikashukuru, na nilikuwa ninajua. Nilibadanganya. Ziko mu ofisi, zimevaa bitambaa. Zinangoja bageni."

Kule nyuma akasimama Mama Julienne, muuza unga, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Miye nilitoa franga! Mutoto yangu hajaziona hata siku moja!" Hakungoja jibu. Akatoka kwenye mstari wa viti, akavuka uwanja kuelekea ofisini, na wengine wakaanza kuinuka, kwanza wawili watatu, kisha safu nzima. Prefe aliwafuata akipekua mkoba wake. Safari hii ufunguo ulikuwamo.

Abigaël alipofika mlangoni, Mama Julienne alikuwa ameshavuta kitambaa cha kwanza. Vumbi lilikuwa limekaa chini yake pamoja na mashine. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayemwamsha mtu mvivu.

"Inangoja nini?"

"Courant, Mama," alisema Abigaël.

"Ee! Kintu kya kungoja courant, hata miye niko nakyo ku nyumba. Friji yangu inangoja tangu Noeli." Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Hizi ziuzwe. Mununue yenye inawaka."

"Ziuzwe!" akasema mtu nyuma. "Ziuzwe," wengine wakaitikia.

Papa Floribert alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba, kitambaa cheupe mkononi, hajui akiweke wapi. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira, na kwa muda Abigaël alidhani atawafukuza wote. Kisha akasema bila kumtazama:

"Kule mu ville, ku ile duka yako, batakubali kubadirisha?"

"Batakubali. Moja kubwa kwa ndogo moja, labda na zaidi." Abigaël naye hakulainisha sauti. "Lakini safari hii nitachagua miye, Papa. Na siku mashine zitafika, hakuna hema. Zitaingia mu kalasi, zitawaka, basi."

Mzee akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya dawati la Prefe.

"Kesho asubuhi," alisema. "Nitaleta mukokoteni."